Watu wa Benchi la Nyuma

Siku ya kuandikisha watu wa kijiji kipya, mwenyekiti aliandika majina manne ya nyumba yetu, akapiga mstari chini yake, akaita nyumba inayofuata. Sikuondoka mbele ya meza. Nikamwambia, "Mwenyekiti, sisi tuko watano."

Akalitazama daftari. Alikuwa mtu muungwana, jirani yetu wa miaka mingi, aliyemzika baba yetu. "Mama yako, wewe, na wanao wawili," akasema. "Wa tano nani?"

"Kaka yangu."

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuchekacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Dada, hapa tunaandika nguvu kazi. Huyo nimwandike kazi gani? Na kuhama atahamaje? Mtambeba na gogo lake?"

Hapo wakacheka wote. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeachika, nimerudi kwetu na watoto wawili wa kike, na kwetu Handeni siku zile mwanamke wa namna hiyo hakupewa nafasi ndefu ya kusema. Nilijipa mwenyewe. Nikasema kaka yangu atakuja kijijini kwa miguu yake, na siku hiyo nataka aandikwe kama mtu mwingine yeyote. Mwenyekiti, nadhani ili foleni isogee, akajibu, "Akija kwa miguu yake nitamwandika." Nikageuka nikawaambia wale waliocheka, "Mmesikia nyote."

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimeahidi kitu nisichojua nitakifanyaje.

Kaka yangu alikuwa kwenye mkatale kwa masika mbili. Kwa asiyeujua, mkatale ni gogo zito lililotobolewa tundu. Mguu wa mtu unapitishwa kwenye tundu, kisha kinapigiliwa kigingi cha chuma ili usitoke. Wetu ulikuwa wa mninga, uliochongwa kwa amri ya mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika mambo ya nyumba yetu. Ulikuwa nyuma ya jiko, chini ya kibanda cha makuti ambacho mvua ilikipenya. Pale ndipo kaka alipokula, alipolala na alipojisaidia.

Kabla ya hapo alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Mazinde. Alisoma mpaka darasa la nne, na katika kambi ya wakata mkonge yeye ndiye aliyewaandikia wenzake barua za kwao. Kisha barua zake mwenyewe zikaanza kuja na maneno tusiyoyaelewa. Halafu zikakoma. Akaja mwenyewe, kwa miguu, siku nyingi njiani, miguu imevimba, akisema mkonge unamwita kwa jina na watu wa kambini wanamsikia anavyofikiri. Mama alimpeleka kwa waganga watatu, mmoja baada ya mwingine. Mbuzi wetu wakaisha. Siku moja akachoma ghala la mahindi la mjomba, akisema ndani yake kuna watu wanaomsema. Hakuna aliyeumia, lakini kesho yake gogo likachongwa.

Kazi ya kumpelekea chakula ilikuwa yangu. Mama alikuwa hawezi. Akifika pale analia, na kaka akimwona analia naye anapiga kelele. Mimi nilikuwa nakaa naye mpaka amalize. Mwaka ule nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima, kila alasiri, na kitabu changu nilikwenda nacho hata jikoni. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu na mkatale nikisoma kwa sauti, nikitafuta silabi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikasoma "mbe-go bo-ra hu-o-ta ha-ka." Kaka, ambaye siku tatu hakuwa amesema neno la maana, akasema, "Haraka. Umeruka silabi. Rudia."

Nikarudia. Kuanzia siku hiyo alinifundisha. Siku nyingine alikuwa hayupo, macho yako mbali, anabishana na watu nisiowaona. Siku nyingine alikuwepo kwa nusu saa, na nusu saa hiyo nilijifunza zaidi kuliko wiki nzima ya darasani. Mwalimu wetu wa kisomo alinisifu mbele ya watu akaniuliza nani ananisaidia nyumbani. Nilisema kaka yangu. Akadhani nina kaka mwingine.

Nasema hivi ili ieleweke hasira yangu ilitoka wapi siku ya daftari. Mtu aliyenifundisha kusoma alikuwa anahesabiwa pamoja na gogo.

Kwenye zahanati ya kata kulikuwa na dresa, Mshambaa kutoka milimani, Mkristo, mtu mkimya aliyependa kuosha mikono. Nilikwenda kwake nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi ni mtu wa vidonda na malaria. Lakini zamani nilifanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Huo ni ugonjwa. Una dawa. Si ya kuponya kama dawa ya minyoo, ni ya kuutuliza. Mjini Korogwe kuna muuguzi anayekuja mara moja kwa mwezi kuwachoma sindano wagonjwa wa namna hiyo."

"Niandikie barua," nikasema.

"Nitakuandikia. Ila mtoe kwenye gogo kwanza. Siwezi kumwandikia muuguzi kwamba namletea mtu aliyefungwa kama mnyama. Ukimfungua nitakuja kuusafisha mguu wake, na barua nitakuja nayo."

Nikazungumza na mjomba. Alinisikiliza akitafuna tambuu, akatema, akasema, "Ghala langu lilipoungua ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa kwa mume. "Basi rudi ukawe kwa mume," akasema, "mambo ya huku tuachie." Mama naye alinishika mkono akaniomba nisubiri. Nilimuuliza tusubiri nini. Akabaki ameushika mkono wangu.

Nilikwenda kwa kikosi cha vijana waliokuwa wakitengeneza barabara ya kijiji kipya, nikaazima mtaimbo. Sikusema ni wa nini. Nilirudi asubuhi watu wakiwa mashambani. Kaka aliponiona na chuma kile alijikunja, akadhani nimekuja kumpiga. Nikamwambia, "Kaka, nakufungua. Ukitaka kukimbia, kimbia, ila mguu huo hautakufikisha mbali." Kigingi kilikuwa kimeshika kutu. Nilihangaika nacho mpaka viganja vikachubuka. Kilipotoka, kaka hakukimbia. Hakuinuka hata kidogo. Aliuangalia mguu wake kama mali ya mtu mwingine. Paja na muundi vilikuwa unene mmoja, na penye tundu palikuwa na kidonda kinachonuka.

Mama alitoka ndani akatuona. Akasema, "Akiua mtu je?"

"Mama, hajaua mtu. Sisi ndio tunaomuua."

Neno hilo lilikuwa kali, na mama hakustahili kulisikia kutoka kwangu. Lakini akaenda kuchemsha maji.

Dresa alikuja kwa baiskeli kama alivyoahidi, akaosha kidonda, akanipa barua, akamsalimia kaka kwa kumshika mkono. Mimi nilikuwa sijaona mtu akimshika mkono kwa muda mrefu. Siku ya kliniki tulimpakia kwenye baiskeli hiyohiyo mpaka barabara kuu, kutoka hapo tukapata lori la mahindi hadi Korogwe.

Wagonjwa wa kawaida walikaa mbele, kwenye kivuli. Sisi tulionyeshwa benchi la nyuma, karibu na mahali pa kufulia mashuka, ambapo moshi wa kuni ulikuwa unatuingia machoni. Kwenye benchi hilo nilimkuta mama mmoja kutoka Mashewa na binti yake, msichana mrefu aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka bila kuinua kichwa. Na mzee mmoja kutoka Magoma na mkewe, aliyeugua baada ya kuzaa mtoto wa mwisho na hakurudi kuwa kama zamani. Nikawapa shikamoo wale wakubwa, wakaitikia marahaba. Mama wa Mashewa akamwangalia kaka, akaangalia bandeji ya mguuni, akauliza, "Mkatale?" Nikaitika. Akasema, "Wetu tulimfunga kamba ya katani. Inakata vibaya kuliko mti." Alilisema hivyo hivyo, kama watu wanaolinganisha mbegu.

Sindano ya kwanza haikuleta muujiza. Kaka alilala siku mbili. Alipoamka mikono ilikuwa ikimtetemeka, mate yakimtoka, anatembea kama mtu aliye ndani ya maji. Mjomba alikuja kumwona akasema, "Mmemmaliza." Nami nikaogopa kwamba ni kweli. Dresa aliniambia dozi hupunguzwa, na kuna vidonge vya kutuliza ule mtetemeko, nisikate tamaa kabla ya sindano ya tatu.

Katikati ya mambo hayo likaja lori la kuhamisha watu. Mama na wanangu walipanda na vyungu, kuku na mlango wa nyumba. Vijana wa lori wakataka kumpandisha na kaka. Nilikataa. Nilisema ataingia kijijini kwa miguu yake kama nilivyoahidi, hatapelekwa kama gunia. Kiongozi wao alinikaripia kwamba nachelewesha operesheni. Nikamwambia amwandikie mwenyekiti kwamba mimi ndiye niliyechelewesha. Wakaondoka. Tukabaki sisi wawili kwenye mahame, nyumba za majirani zimeezuliwa, mihogo ya watu imebaki ardhini.

Tulikaa pale muda wa sindano mbili zaidi. Asubuhi tulipika bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, kisha tulifanya mazoezi. Kwanza kutoka mlangoni mpaka jikoni. Halafu mpaka kisimani. Alianguka mara nyingi. Jioni kabla ya giza alinisomesha. Siku moja, baada ya sindano ya tatu, nikamkuta ameshika jembe, anachimba mihogo ya jirani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Itaoza. Tuwapelekee wenyewe." Nikajua amefika.

Tulitembea mpaka kijiji kipya kwa nusu siku, tukipumzika kila mara, yeye na fimbo, mimi na kikapu cha mihogo kichwani. Watu walitoka majumbani kutuangalia. Tulikwenda moja kwa moja mpaka ofisini. Kaka akasema, "Shikamoo, mwenyekiti." Mwenyekiti akaitikia, akavuta daftari. Chini ya ule mstari wake aliandika jina la tano. Akamuuliza kaka kazi gani anaiweza. Kaka akasema, "Kupalilia. Na kusoma."

Wiki hiyohiyo nilirudi kwenye mahame na mama, tukaupasua mkatale kwa shoka. Mama ndiye aliyepasua zaidi. Kuni zake tulizipikia maharage ya siku ya kazi ya pamoja. Waliojua zilikotoka walikula. Mjomba hakula.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Shida ni kwamba sindano ni ya kila mwezi, na Korogwe ni mbali. Kila mwezi ilibidi niombe ruhusa ya kutoka siku ya kazi ya kijiji, na kila mwezi mwenyekiti alinung'unika. Masika ikaja, barabara ikakatika. Miezi miwili hatukufika kliniki. Kaka akaanza tena kuwajibu watu wasiokuwepo, akaacha kuoga. Majirani wakaanza kuniuliza mti mwingine wa mninga uko wapi. Dresa alijitahidi na vidonge vichache alivyokuwa navyo, vikaisha. Tulimshika kwa maneno tu, mimi na mama, kwa zamu, mpaka maji yalipopungua.

Tulipofika Korogwe mwezi uliofuata, mama wa Mashewa alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Nikamuuliza binti yuko wapi.

Akasema, "Nimemzika."

Masika ilikuwa imewazuia na wao. Binti akazidiwa, akawa anatoroka. Wanaume wa nyumba yao wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa mnyororo wa baiskeli, wakaenda kwenye shamba la kijiji. Mama mwenyewe alikuwa huko, kwa sababu asiyekwenda alitozwa faini. Cheche kutoka jikoni ikashika makuti. Waliuona moshi wakiwa shambani.

Mke wa mzee wa Magoma, ambaye sikuwahi kumsikia akisema hata mara moja, akasogea akakaa bega kwa bega na yule mama.

Nikamuuliza, "Na leo umekuja kufanya nini, mama yangu?"

"Ni siku yetu," akasema. "Nimekuja kuwaambieni. Halafu nataka kwenda kwa wakubwa. Nani ananisindikiza?"

Tulikwenda sote. Tulikuwa kama watu kumi, pamoja na wagonjwa. Baada ya sindano tulivuka mji tukaenda kwenye ofisi moja ya serikali, tukaomba kumwona mkubwa wa hapo. Karani alituzungusha, tukakaa barazani. Hatimaye ofisa mmoja akatoka, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Hakutukaribisha ndani.

"Mmetumwa na nani?" akauliza. "Ninyi ni tawi gani la chama?"

Mzee wa Magoma akajibu, "Hatuna tawi. Sisi ni watu wa benchi la nyuma kule kliniki."

"Kukusanyika namna hii bila kibali ni kosa, mzee. Mnalijua hilo?"

"Aliyetukusanya ni ugonjwa, bwana," mzee akasema. "Nao haukuomba kibali."

Ofisa aliniona nataka kusema, akaniuliza natoka wapi. Niliposema Handeni akasema, "Basi wewe si wa hapa. Nenda kwenu." Nikamwambia kwetu nitakwenda kesho, leo niko hapa. Akatupa maneno tuliyokuwa tukiyasikia redioni: nchi ni changa, tuna maadui wakubwa, ujinga, maradhi na umaskini, visima na shule kwanza. Haya ya vichaa yana wakati wake.

Mama wa Mashewa alikuwa amesimama nyuma ya wote. Akaja mbele. Hakupaza sauti. "Umesema maradhi ni adui," akasema. "Binti yangu alikuwa na maradhi. Au maradhi yake hayakuwa kwenye orodha?"

Ofisa akamwambia kama tuna ombi tuliandike, tulete kwa utaratibu. Alidhani amefunga mlango. Nikamwomba karani karatasi. Karani, Mungu amjalie popote alipo, akanipa mbili. Kaka akakaa kwenye ngazi, akaiweka karatasi juu ya goti. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kwa sababu ya dawa, kwa hiyo aliandika polepole, na sisi sote tulisimama tukimngoja, na ofisa naye, sijui kwa nini, akangoja. Kaka aliandika kwamba tunataka dawa ipelekwe kwenye zahanati za vijiji, ili mvua isiamue nani apone. Kwamba tunataka mtu yeyote asifungwe kwenye gogo, kamba wala mnyororo katika kijiji chochote cha ujamaa. Kwamba mgonjwa aandikwe kwenye daftari la kijiji kama raia. Mwisho akaandika jina lake, na chini yake akaandika: "Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mkatale masika mbili."

Ofisa aliisoma. Akamtazama kaka. "Umeandika wewe?"

"Umeniona nikiandika," kaka akasema.

Hakuna kilichotokea. Mwezi uliofuata, baada ya sindano, tulikwenda tena tukakaa kwenye baraza ileile. Karani alisema barua inashughulikiwa. Mwezi mwingine tukaenda tena. Mara moja aliitwa askari. Alitukuta tumekaa tunakula mihogo ya kuchemsha, akatuuliza afanye nini na dada yake aliyekuwa na hali kama ya mke wa mzee, akaondoka. Mama wa Mashewa hakukosa hata mwezi mmoja, ingawa hakuwa tena na mtu wa kuchomwa sindano. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema akikaa nyumbani anauona moshi.

Kwetu Handeni nako nilipeleka barua kwa wakubwa, nakala aliyoiandika kaka. Huko walinifukuza waziwazi, mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na mwenyekiti wetu. Sikumlazimisha. Alikuja mwenyewe nyumbani akasema, "Nimefikiri. Yule ni mtu wangu, nimemwandika kwa mkono wangu. Kama dawa yake haipo, lawama ni yangu." Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Dawa ilifika kwanza kwenye zahanati za upande wa Korogwe, karibu mwaka mzima baada ya barua. Haikuja kwa tangazo. Mzee wa Magoma alikwenda siku moja kutafuta dawa ya kikohozi, mganga wa zahanati akamwambia, "Na ile ya mkeo ipo." Kwetu ilichelewa tena, nikawa naendelea kusafiri. Ilipofika, dresa alinionyesha boksi dogo kabatini, akaosha mikono kama kawaida yake, akamchoma kaka pale pale, dakika chache kutoka nyumbani. Siku hiyo nililima mpaka mchana kama watu wengine.

Mkatale nao ulijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji chetu. Mjomba alisimama akasema kijiji kinataka kuwafungulia watu hatari, na kwamba mila haziwezi kufutwa na mwanamke aliyeachika. Nikasimama nami. Nikasema kuachika si ugonjwa, na hata kungekuwa ugonjwa nisingekubali kufungwa kwa ajili yake. Watu wakacheka, safari hii pamoja nami. Wakanyoosha mikono. Haikuwa wote, lakini ilitosha. Mwenyekiti akaandika kwamba katika kijiji hiki hafungwi mtu.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yakawa mema. Miaka ya shida ilipokuja, sabuni ilipokosekana na sukari ikawa hadithi, dawa nayo ilipotea miezi mingi. Kaka aliugua tena mara mbili. Mara ya pili alinipiga, akanivunja jino, na kuna watu walioniletea kamba mlangoni. Niliwarudishia. Tulimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili huko milimani, akakaa huko, akarudi. Katikati ya magonjwa hayo alifundisha kisomo. Wapo waliokataa kusomeshwa na kichaa, wakabaki hawajui kusoma. Huo ulikuwa uamuzi wao. Alikufa kwa homa ya mapafu, mtu mzima, kitandani, mama akiwa hai bado, nasi tulimzika kama anavyozikwa Mwislamu yeyote.

Mjomba alimzika pamoja nasi, akashika jeneza mbele. Hatukusemezana.

Miaka miwili baadaye alikuja kwangu asubuhi moja. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua, na tangu ajifungue hapati usingizi, hali chakula, anasema mtoto si wake. Mjomba alikaa kwenye kigoda, mzee sasa, fimbo kati ya magoti. Alizunguka sana kabla ya kufika. Aliulizia mvua, akaulizia wanangu. Mwishowe akasema, "Wanasema wewe unazijua njia za Korogwe."

"Nazijua."

"Utanisindikiza?"

"Nitamsindikiza binti yako," nikasema. "Wewe bado nina hasira nawe, mjomba. Nataka ulijue hilo kabla hatujapanda gari."

Aliinamisha kichwa. Akasema, "Nalijua."

Nikamuuliza kama wamemfunga. Akasema hapana. Nikamwambia sitakwenda kwa maneno, nataka nione kwanza. Tukatoka, yeye mbele na fimbo yake, tukaenda kwake. Binti alikuwa amekaa mlangoni, mikono yake yote miwili huru juu ya mapaja, na mkunga wa jirani amempakata mtoto. Nikachuchumaa mbele yake, nikamsalimia, nikamwambia tunakwenda mahali penye benchi, tutakaa tungoje zamu yetu, na mimi nitakuwa naye mpaka mwisho.